Mwalimu Aliyevaa Kitambaa Kutoka Nyumbani

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na mwanya, na alijua kwamba anao. Hata jambo lisilochekesha alilichekea, mradi meno yaonekane. Kwenye saluni niliyokuwa najifunzia ususi pale Butimba walikuja wasichana waliotaka kumtafuta fundi wa kuwachonga meno wapate mwanya kama wake, na mwenye saluni akawa anawaambia mwanya wa kuchonga haucheki vizuri. Naanza na mdomo wake kwa sababu ndio alioufunika. Mtu mwingine yeyote angefunika mdomo mtaani kwetu tusingejali sana. Yeye kuufunika ule, tena kwa miaka, ni jambo ambalo hadi leo sijalizoea.

Jina lake silitaji. Angetaka kujua nani kanipa ruhusa ya kumwandika, kisha angeanza kunisahihisha herufi.

Asubuhi alifundisha shule ya msingi, jioni akafundisha kwaya ya usharika. Alikuwa mwanamke wa Kihaya, na Kiswahili chake kilinyooka kama kimepigwa pasi, ila akikasirika Bukoba nzima ilimjia mdomoni na neno la kwanza likawa “Mawe!” Tukilisikia hilo tulijua kuna mtu ameimba vibaya, na kila mmoja alianza kumtazama jirani yake. Hakupenda mtu aimbe kwa kubana. “Fungua mdomo,” alikuwa akisema, “hujaficha kitu humo.” Wanaume wa sauti ya nne walimwogopa kuliko walivyomwogopa mchungaji. Mmoja wao, mzee mzima mwenye wajukuu, alikuwa akijificha nyuma ya nguzo ya kanisa kila alipochelewa.

Ilikuwa miaka ile kila mtu alianza kuuza kitu. Mitumba ilijaa hadi njiani, viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa kando ya ziwa, na mishahara ya walimu haikufika popote. Mwalimu aliuza barafu. Alikuwa na friji ndogo iliyonguruma sebuleni, na watoto aliowachapa asubuhi walipanga foleni mlangoni kwake mchana. Mkono uleule ulioshika fimbo uliwapa barafu, naye akawauliza kwa upole kama wanataka ya ubuyu au ya maziwa. Hakuona tatizo lolote. Kuchapwa ni kuchapwa, alisema, na barafu ni barafu.

Alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao. Ukienda kwake na njaa ulikula, ukienda na shida ulisikilizwa, lakini msimu wa senene ulipofika na ndugu zake wakamletea kopo kutoka Bukoba, mlango ulifungwa. Aliwakaanga peke yake na kuwala peke yake, na harufu ikatufikia mtaa mzima. Ukipiga hodi alijibu kutoka ndani kwamba amelala.

Na kitu alichokichukia kuliko vyote kilikuwa uongo. Mtoto aliyefanya kosa akalisema alipona. Aliyedanganya alichapwa mara mbili, moja ya kosa na moja ya kumfanya mwalimu mjinga. Niseme basi kwamba mtu huyu alidanganya mtaa mzima kila siku ya Mungu kwa miaka mingi, na uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja.

Mama yangu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya hiyo. Baba alikuwa amefariki, tulibaki mimi na yeye, na tuliishi kwa samaki aliowakaanga pembeni mwa barabara iendayo Nyegezi. Mwaka huo mama alianza kukohoa. Miaka hiyo mtu akikohoa wiki kadhaa na nguo zikaanza kumpwaya, mtaa ulikuwa umeshamzika. Hakuna aliyesema ukimwi kwa jina lake. Walisema amekanyaga waya, wakashusha sauti, wakaanza kuhesabu nani alikula samaki wake. Zahanati walimpima makohozi wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, dawa ni bure, atachomwa sindano kila asubuhi miezi ya mwanzo kisha ataendelea na vidonge, mradi asikatishe. Nesi akampa kitambaa cheupe afunike mdomo mpaka hapo watakapoona hawezi tena kuambukiza. Mama alitembea nacho kutoka zahanati hadi nyumbani, na kesho yake hakuna aliyenunua samaki.

Hilo alilivumilia. Ambalo hakulivumilia lilifanywa na wifi yake, shangazi yangu, aliyekuja kumwona mgonjwa kutoka Magu. Mlango wetu ulikuwa wazi na mama alikuwa amelala mkekani akiutazama. Shangazi alikuja akicheka na majirani njia nzima, akafika kizingitini, akasimama, akavuta khanga yake kutoka begani akajifunga puani kwa nguvu. Ndipo akapiga hodi. Mama alimwitikia vizuri, akamuuliza habari za Magu, akaniambia nimpikie. Shangazi alipoondoka, mama alikivua kile kitambaa cheupe akakitia kwenye jiko la mkaa.

Mama akiwa na hasira, r zake zote zinageuka l.

“Sivai tena,” alisema. “Na huko zahanati siludi. Wananiona nanuka. Afadhali nife na sula yangu.”

“Mama, sindano ndiyo kwanza umeanza.”

“Basi nimemaliza.”

Nilimbembeleza, nikalia, nikampigia magoti. Kesho yake hakwenda. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa tena, kwa sababu nilimjua mama, akishasema hivyo ng'ombe wa ukoo wote wasingemvuta.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja kuuliza kwa nini sauti ya pili imepungua. Nilimpokea uani, nikamweleza kila kitu. Nilitegemea atanipa pole. Badala yake aliuliza, “Alivalia wapi?”

“Nani, Mwalimu?”

“Huyo wifi yake. Khanga puani, alivalia wapi?”

“Mlangoni.”

“Mlangoni pa nani?”

“Petu.”

Akatikisa kichwa, akainuka, akaondoka bila kuaga. Nikadhani amechukizwa na sisi, kama wengine.

Asubuhi yake nilikuwa nafagia mbele ya nyumba nikamwona anatoka kwake. Alikuwa amefunga kitambaa mdomoni na puani, cha mistari ya buluu, kimekatwa kwenye mkia wa shati la mtumba na kushonewa kamba mbili. Alipita kwa fundi viatu akamsalimia, akasimama kwa mama muuza vitumbua akauliza habari za mtoto, akakutana na mchungaji na baiskeli yake wakaongea hadi mchungaji akasahau alikokuwa anakwenda. Wote walimtazama mdomo, yaani pale mdomo ulipokuwa. Alipofika kwetu alipiga hodi akaingia moja kwa moja.

Nilimsikia mama akisema, “Mwalimu, na wewe unaniogopa?”

“Nikuogope una nini? Mchungaji nimemsalimia nimevaa. Fundi viatu nimemsalimia nimevaa. Nimetoka nacho nyumbani kwangu, na jioni nitarudi nacho. Usijifanye wa pekee, mama.”

Nikasikia anatoa kitu kwenye mkoba.

“Hiki ni mkia wa nyuma wa shati, changu ni wa mbele. Shati limekwisha. Inuka basi, nachelewa shule.”

Mama aliinuka. Sijui ni kwa sababu ya kile kitambaa au kwa sababu kila mtu wa kwaya ile alizoea kusimama akiambiwa simama. Zahanati ilikuwa jirani na shule, kwa hiyo kuanzia siku hiyo walikwenda pamoja kila asubuhi, wanawake wawili na mistari ya buluu usoni, wakibishana njia nzima kuhusu bei ya nyanya. Walipokaa kwenye benchi la zahanati mtu mgeni hakuweza kujua mgonjwa ni yupi. Wengi walidhani ni Mwalimu, maana ndiye aliyekuwa mwembamba.

Hiyo ikawa sheria yake, na aliirudia kwetu sote hadi ikachosha: kitambaa kinavaliwa nyumbani kwako. Ukikivalia mlangoni pa mtu, umemtukana.

Watu walipomuuliza kwa nini anajifunga, alijibu, “Chaki.” Basi. Akiulizwa na mwalimu mkuu, chaki. Akiulizwa na wazazi, chaki. Mtoto mmoja mtundu alimwambia mbona leo Jumapili, Mwalimu, hakuna chaki, akajibiwa kwamba chaki haijui Jumapili. Mimi nilijua, mama alijua, na alituonya tusifungue midomo. “Ukisema habari za kwangu, umesema za mama yako,” aliniambia. “Wacha wanitafune mimi. Meno yao yatachoka.”

Walimtafuna kweli. Saluni ni mahali ambapo maneno yote ya mji hupita yakiwa bado ya moto, nami nilikuwa nayapokea nikiwa na kitana mkononi. Siku moja mteja mmoja, mke wa mtu mwenye duka, alisema Mwalimu keshakanyaga waya, kajaa vidonda mdomoni ndiyo maana anauficha, na barafu zake anazitia mate. Nilimsuka kwa kuvuta hadi macho yakamwinuka pembeni, akalipa, akashukuru, akasema msuko umekaza vizuri.

Foleni ya barafu ikafa. Friji ikawa inanguruma bure sebuleni mpaka akaizima. Wazazi wengine waliomba watoto wao wahamishwe darasa. Na kulikuwa na mtu mmoja, fundi mitambo wa kivuko pale Kigongo, aliyefiwa na mke, mpole, mwenye kofia aliyoivua kila alipomwona Mwalimu. Kila Jumamosi alileta sato wawili amewafunga kwa ukindu, na sisi sote tulikuwa tumeshachagua nyimbo za harusi. Maneno yalipomfikia hakukimbia kama wengine. Alikuja akamwambia mama yangu mwenyewe, kwa unyonge, kwamba anachoomba ni kimoja tu: Mwalimu avue akiwa na yeye. Wengine awavalie.

Mama alimpelekea Mwalimu ujumbe huo, akamshika na mkono. “Mvulie, jamani. Mimi naendelea vizuri.”

“Nikimvulia yeye,” Mwalimu alisema, “nyie wengine nitakuwa nimewavalia.”

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na sato. Jioni ile alitufanyisha mazoezi hadi sauti zikatukauka, akamkemea kila mtu, akamfukuza mzee wa sauti ya nne kwa kosa la kupiga chafya. Kesho yake nilimkuta uani kwake anafua vitambaa, kamba nzima imejaa mikia ya mashati, na mashavu yake yamelowa. Aliniambia ni sabuni imemwingia.

Sitaki mnione namfanya malaika. Kitambaa kile kilimpa ukali mpya ambao haukuhitajika. Alianza kukagua midomo ya watu kama askari wa barabarani anavyokagua magari. Mimi nilimkuta siku moja njiani nikiwa nimeshusha kidevuni kitambaa alichonishonea na mimi, kwa sababu ya joto, akanisema mbele ya fundi viatu na wateja wake wote, akaniuliza kama kidevu changu kinakohoa. Nilimnunia. Kuomba radhi hakujua, sijawahi kumsikia akisema samahani kwa mtu yeyote. Ila jioni alipita kwetu, akaweka sahani mezani, imefunikwa, akaondoka haraka. Ilikuwa na senene. Mama aliniambia nile taratibu, kwamba katika mtaa ule mimi ndiye mtu wa kwanza.

Mama aliporuhusiwa na zahanati kurudi kwenye watu alikuwa bado anaona haya kuingia kanisani, hasa kukaa katikati ya wenzake. Mwalimu aliwatangulia. Siku hiyo kila mwimbaji alikuta kitambaa kwenye kiti chake. Vumbi la barabara limezidi, alisema, tutafanya mazoezi na hivi, na madirisha yote wazi. Mmoja wa sauti ya tatu akalalamika kwamba kwaya si hospitali.

“Ndiyo maana nataka mwimbe, siyo mkohoe. Vaa.”

Wakavaa. Mama akaingia, akakuta watu zaidi ya ishirini wamejifunga kama yeye, wengine mistari, wengine madoadoa, mzee wa sauti ya nne amepata kipande chenye mfuko wa shati bado umeshonwa mbele. Akacheka hadi akashika ukuta. Tukaimba. Upepo wa ziwa ulituingia hadi mifupani na Mwalimu alikuwa anapiga kelele, “Sisikii t! Nani kameza t zangu?” Sauti ya pili ilikuwa imetimia, na mimi nililia ndani ya kitambaa, jambo ambalo ni zuri kwa sababu hakuna anayeona.

Mama alipona. Alimaliza dawa zote, akarudi kwenye kikaango chake, na wateja wakarudi taratibu kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Nikadhani sasa Mwalimu atavua. Hakuvua. Kwa wakati huo kulikuwa na wengine mtaani wanaokohoa, kijana wa fundi viatu, na yule mke wa mwenye duka niliyemkaza nywele. Mwalimu aliwapitia wote akienda shule, amevaa tangu kwake, akiwa na mikia ya mashati kwenye mkoba. Wengine hawakupona kama mama, maana wengi walikuwa na ule ugonjwa mwingine, na miaka hiyo dawa yake hatukuwa nayo. Tulizika sana. Aliimbisha kwenye makaburi yao wote, na mke wa mwenye duka alipofariki, Mwalimu ndiye aliyemwosha. Watoto waliozaliwa miaka ile mtaani kwetu waliufahamu mkono wake na fimbo yake, ila mwanya hawakuujua kabisa. Ukiwaambia walidhani unatunga.

Alikuja kuvua alipostaafu, akahamia Nyegezi kwenye nyumba aliyoijenga chumba kwa chumba. Mimi nilikuwa nimeolewa Sengerema, ng'ambo ya maji, na nilimchukua mama tukaishi naye. Nilipomtembelea Mwalimu nilimkuta mdomo wazi, meno yameanza kupungua, lakini yale mawili ya mbele yalikuwa bado yamesimama na nafasi yao katikati. Alinichekea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Halafu ukaja ule ugonjwa mwingine wa kifua, uliozunguka dunia nzima, na vitambaa vikapata jina jipya, barakoa. Huku kwetu wapo waliovaa na wapo waliocheka. Nikapata habari kwamba Mwalimu anaumwa, anakohoa, na amekataa kuonana na watu. Mpwa wake anayemtunza aliniambia kwenye simu nisijisumbue. “Anawafukuza wote, dada. Hata mchungaji karudishwa.”

Mama alisikiliza mazungumzo yale yote. Alikwenda kwenye sanduku akatoa shati kuukuu la mume wangu, akalikata mkia, akakaa na sindano. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi na mshono ulikwenda upande, lakini kamba alizikaza. Asubuhi nilipotaka kutoka alinifunga mwenyewe, sebuleni, kama mtoto anayepelekwa shule.

Nilikwenda nacho hadi Busisi, nikapanda nacho kivuko. Watu walinitazama. Kijana mmoja muuza karanga akaniuliza, “Shikamoo mama, vipi, unaumwa?”

“Marahaba. Chaki,” nikamwambia.

“Chaki?”

“Chaki, mwanangu.”

Akasogea pembeni kidogo, nadhani kwa ajili ya akili yangu na siyo kifua. Nilishuka Kigongo nimevaa, nikafika stendi ya Nyegezi nimevaa, nikamsalimia muuza vocha wa njia panda na kina mama wa mboga nimevaa, na joto lilikuwa la kunitoa roho, na sikukishusha kidevuni hata mara moja.

Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Pembeni, kwenye fremu, kulikuwa na msumari umetundikwa barakoa nyingi mpya za buluu, na mpwa wake akaniambia kwa upole kwamba wageni huwa wanavalia hapo kabla ya kuingia. Nikaelewa kwa nini amewafukuza wote. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa sebuleni na kiliutazama mlango huo. Alikuwa amelala siku zote hizo akiwaona wanafika wakicheka, wanasimama, wananyoosha mkono msumarini.

“Asante, nimeshavaa,” nikamwambia mpwa.

Nikapiga hodi. Kikohozi kikaja kwanza, kirefu. Halafu ile sauti, imepungua sana lakini bado inatamka kila herufi.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, Mwalimu. Mtoto wa sauti ya pili. Shikamoo.”

Hakuitikia. Mpwa akanigusa mkono, kuniambia tuondoke. Nilibaki nimesimama kizingitini, na niliogopa kama siku ile mama alipokitia kitambaa motoni.

“Umevalia wapi?” Mwalimu akauliza.

“Nyumbani, Mwalimu. Sengerema. Mama ndiye kanifunga.”

Nikasikia kitanda kinalia, mtu anajikokota akae vizuri.

“Basi pita.”